Mlango wa Studio Namba Tatu

Jumanne ya kwanza ya mwezi tunakutana Newcastle,
ghorofani, juu ya duka la samaki wa kukaanga.
Tulikuwa kumi na tisa. Tumebaki saba,
na ngazi zinatudai magoti.
Desmond Tranter huleta biskuti na habari za mazishi.
Tukishazimaliza filamu tulizofanya
(mimi mshika maikrofoni, mikono juu kutwa kama mlingoti,
yeye mkata picha, macho yamekwisha)
mazungumzo hurudi redioni yenyewe,
maji yafuatavyo mkondo.

Kwenye filamu, asema Desmond,
mvua ilitaka magari matatu ya zimamoto.
Redioni mvua ilikuwa mchele na sinia,
na ikikatika, Hester aliuokota mchele, akaupepeta,
akaenda nao nyumbani kuupika.

Theluji ilikuwa wanga wa mahindi katika kifuko cha ngozi.
Niliifinya theluji yote ya mwaka sitini na moja
mpaka kidole gumba kikapinda.
Daktari akiuliza, namwambia: baridi hiyo.

Waliochomwa visu wote walikuwa kabichi.

Lakini mlango ulikuwa mlango.
Ulisimama peke yake katikati ya chumba,
fremu na magurudumu, ukuta hauna,
hauingii popote, hautoki popote,
una kitasa cha benki, komeo la gereza,
na kibisha hodi cha shaba chenye uso wa simba aliyechoka.
Mwenyewe ni Winifred Oldroyd, fundi wa vishindo.
Aliujua kuufunga kwa namna arobaini:
mume aliyekasirika,
mume aliyekasirika lakini atarudi,
mdai kodi,
mtoto asiyekifikia kitasa.
Nchi nzima iliamini tuna jumba.

Usiku mmoja, mubashara, nilishika zamu yake
nikaufunga mapema.
Mume wa watu akaondoka kabla hajasema kwaheri,
ukurasa mzima wa kwaheri ukabaki mkononi mwake.
Barua kumi na moja zilikuja, zote za sifa:
ndivyo wanavyoondoka, aliandika mama mmoja wa Sunderland,
ndivyo hasa.
Winifred alizisoma zote kumi na moja.
Hakunisamehe.

Kituo kilipohama, mlango ulitupwa uani
kwenye mvua isiyo ya mchele.
Aliununua kwa pauni mbili,
wakausukuma yeye na kaka yake maili tatu, mlima wote.
Njiani polisi akawasimamisha.
Akautazama. Akabisha hodi.

Akaufanya mlango wa jiko.
Cuthbert, mumewe, alilalamika hadi kufa kwake
kwamba hawezi kufuata chai
bila kusikia amefukuzwa kazi.

Machi hii tulimzika Winifred.
Baada ya kaburini tukaketi sebuleni kwake,
makoti bado mwilini, kwa kuwa nyumba inauzwa
na moto hauwashwi kwa ajili ya nyumba inayouzwa.
Mpwa wake, binti mpole, mfanyakazi wa benki,
hajawahi kusikia mchezo wa redio maishani mwake,
alitoka jikoni na sinia la vikombe
akausukuma mlango kwa nyonga,
nao ukarudi nyuma yake taratibu,
ukagusa fremu, ukasita,
ukaingia.

Ile namna ya ishirini na sita.
Amesahau kitu; anarudi sasa hivi.

Kikombe cha Desmond kikasimama hewani.
Hester akalishika koti lake lisichakarike.
"Kuna nini?" akauliza binti,
na wazee saba wakamwangalia kwa hofu,
maana alikuwa anaongea
taa nyekundu ikiwa imewaka.
Idwal Pugh, sikio moja limekufa tangu zamani,
alikuwa ameinua mkono, kiganja wazi,
anahesabu sekunde kwa midomo,
na hakuna aliyekohoa
mpaka aliposhusha.